Kikohozi cha Mbwa wa Baba

Mbwa wa kuwinda wa kwetu Fizi habweki. Ni mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na akifurahi hutoa sauti kama mtu anayejaribu kuimba na chakula mdomoni. Kwa sababu habweki, wawindaji humfunga shingoni kengele ya mti ili wajue yuko wapi ndani ya majani. Wakati wa kurudi nyumbani wanaijaza majani makavu, inanyamaza.

Ndiyo maana tulipokimbilia milimani, komite ya maficho ilikubali mbwa wawili waingie pamoja nasi. Mbuzi walikataliwa. Majogoo walichinjwa siku ya kwanza. Mbwa wa baba yangu na mbwa wa mzee muwindaji, rafiki wa baba, waliruhusiwa, kengele zimezibwa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alikuwa amefariki kwa homa mjini Baraka kabla ya vita, na siku ile niliacha shule, mwaka wa tano wa msingi, sikurudi tena. Baba alienda Mboko kutafuta chumvi na hakuonekana. Nyuma yangu walikuwa wadogo watatu: wasichana wawili na kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka mitano. Baba alituachia panga, sufuria mbili na mbwa yule.

Mwanamke kwetu haendi na mbwa porini. Kwa hiyo mzee muwindaji, tuliyemwita baba mukubwa, alimchukua mbwa wetu pamoja na wake, na akirudi alitupa fungu la mbwa: mguu mmoja wa nyuma, na matumbo. Mguu ni wa mwenye mbwa. Matumbo ni ya mbwa mwenyewe, mabichi. Hiyo ilikuwa sheria ambayo baba alitufundisha kabla hata ya sala: mbwa wa kuwinda hapewi kitu kilichopita kwenye moto. Moto unaua pua.

Maficho yetu yalikuwa bonde lenye kijito na mianzi, kaya kumi na moja, vibanda vya majani. Kiongozi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hata huko aliendelea kuvaa koti lake. Tulijifunza kuongea chini chini, kupasua kuni kwa mikono, kucheka tukiziba mdomo. Mauaji yaliyotokea Makobola tulikuwa tumeyasikia, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Mvua zilipoanza, askari walipiga kambi chini kwenye barabara. Mwalimu akakataza uwindaji. Wiki moja, mbili, sita. Tulikula mihogo na majani yake bila chumvi. Mbwa walibaki mbavu.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Kando ya kijito, chini ya majani yaliyooza, konokono walikuwa wengi kuliko mawe, wenye nyumba na wale laini wasio na nyumba. Sisi hatuli konokono. Niliwatuma wadogo zangu kila asubuhi na beseni. Konokono niliwaponda kwa jiwe, nikachanganya na maganda ya mihogo, nikagawa sehemu mbili sawa, moja kwa mbwa wetu, moja kwa mbwa wa baba mukubwa, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kuinama kwenye tope. Niliwapa wabichi, kama baba alivyotaka. Mbwa walilamba beseni mpaka likang'aa.

Baada ya kama miezi miwili, mbwa wa baba mukubwa akaanza kukohoa.

Hakukohoa kama mtu. Alinyoosha shingo, akapanua miguu ya mbele, akatoa sauti kavu ya kitu kilichokwama, mara tatu, mara nne, halafu mwishoni kama anataka kutapika, akameza. Katika bonde lile sauti ilipanda mpaka juu ya mianzi. Baba mukubwa alifanya kama wawindaji wanavyofanya: alikamua maji ya tumbaku akamdondoshea puani. Mbwa alitoka damu ya pua. Damu ile haikukauka jioni ile wala kesho yake asubuhi. Tulishangaa, lakini wakati ule tulishangazwa na mambo mengi.

Komite ilikutana, kwa kuwa mnyama wa kelele hakai maficho. Baba mukubwa hakusubiri wamalize. Alimfunga mbwa wake kamba, akaenda naye nyuma ya mwamba, akarudi na kengele mkononi. Akaitundika kwenye nguzo ya kibanda chake.

Siku kumi na mbili baadaye, wetu naye akakohoa.

Mwalimu alinikuta ninamkumbatia mbwa kifuani. Aliniita mama mutoto, kwa sababu ya wale watatu walionifuata kila mahali.

"Mama mutoto, we unajua sheria."

"Najua, mwalimu."

"Muzee alitoa ya kwake. Hakulia."

"Alie nini?" akasema mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa, jirani yetu, mwenye mdomo usiopumzika. "Mbwa iko na mahari?"

Watu wakacheka, mikono mdomoni.

"Mwalimu," nikasema, "batoto yangu batakula nini?"

"Chenye sisi wote tunakula."

"Na sisi wote tunakula nini?"

Kicheko kikaisha. Nyama ilipopatikana zamani, kila kaya ilionja, na mbwa aliyebaki alikuwa huyu mmoja. Nikamwomba mwalimu siku saba. Kesho ilikuwa siku ya soko la juu, ambako wafugaji wa Minembwe waliteremka na maziwa na siagi, na watu wa kwetu walipanda na mawese. Nilikuwa nimesikia kwamba muganga wa ng'ombe hupita pale.

"Siku saba," akasema mwalimu. "Na kama bale watu bakikuya karibu, na mbwa akakohoa?"

"Nitamumaliza mi mwenyewe. Niko na panga."

"Umesema mbele ya bantu."

"Nimesema."

Nilipanda kabla jua halijachomoza juu ya kilima, na chupa moja ya mawese mgongoni. Mbwa sikumchukua. Alikuwa hapandi tena mlima. Hatua ishirini tu analala chini na ulimi wa rangi ya majivu. Soko lile lilikuwa uwanja wa majani. Watu waliuza wakiwa wamesimama, mzigo begani, macho kwenye njia, kwa sababu siku nyingine kila mtu alikimbia kabla ya saa nne.

Muganga alikuwa mtu mwembamba mwenye mfuko wa ngozi. Aliwahi kufanya kazi ya serikali, na mshahara ulipokatika aliendelea kuwafuata ng'ombe. Wafugaji watatu walikuwa wamemzunguka.

"Bangombe ngapi?" aliniuliza.

"Ni mbwa."

Wafugaji wakacheka. "Vita iko huku na huku," mmoja akasema, "na huyu musichana analeta habari ya mbwa!"

Muganga hakucheka. "Iko na nini?"

Nikamweleza kikohozi. Nikanyoosha shingo na kupanua mikono kama miguu ya mbwa, nikakohoa vile vile, mbele ya watu. Hapo yeye pia alicheka kidogo, lakini akanikatiza.

"Akijikwaruza, damu inakauka?"

Nikashtuka. "Sikio lake lilichomwa na muiba. Lilitoka damu siku nzima."

"Anakula nini?"

"Konokono."

"Mbichi?"

"Mbwa ya kuwinda haipewe ya moto."

Alifunga macho kidogo, kama mtu anayesoma kitu mbali. Kisha akachuchumaa na kuniambia polepole, na maneno yake nimeyashika mpaka leo. Kuna minyoo, alisema, isiyokaa tumboni. Inakaa kwenye mapafu na kwenye mishipa ya damu karibu na moyo. Watoto wake wanapanda na kikohozi mpaka kooni, mbwa anawameza, wanatoka na mavi. Konokono anatembea juu ya mavi, wanamwingia. Mbwa anakula konokono, na minyoo inarudi kifuani. "Bangombe iko na minyoo yao ya mapafu," akasema, "ya mbwa ni ingine. Mi sina mikroskopu. Nasema kwa kukusikia tu. Inaweza kuwa kitu ingine."

"Na kama ni hiyo?"

"Iko dawa. Ya ngombe. Mbwa yako iko na uzito gani?"

Sikujua. Niliwaza nikasema, "Ninamubeba kama nilivyobeba mutoto yetu wa mwisho, wakati alianza kutembea."

"Kilo kumi, basi." Akatoa vidonge viwili vikubwa, kila kimoja kirefu kama kidole changu, akachora juu yake kwa ukucha mahali pa kukata. Kipande kimoja kila asubuhi pamoja na chakula, siku saba, bila kuruka hata siku moja. Akanionya kuhusu dawa nyingine, ya sindano, ambayo watu waliuza mazizini: inayomtosha ng'ombe inaweza kumuua mbwa mdogo kabla jua halijazama.

"Na sikiliza vizuri," akasema. "Siku ya tatu, ya ine, atakohoa kupita leo. Minyoo ikikufa mule ndani, kifua kinafunga. Usimukimbize. Usimupandishe mulima. Usimukaze shingo."

Siku ya tatu, ya nne. Nilikuwa nimeahidi kinyume cha hayo mbele ya kaya kumi na moja. Nikampa mawese.

Njiani kurudi sikufikiria mbwa wetu. Nilifikiria kengele iliyotundikwa kwenye nguzo ya baba mukubwa, na beseni, na sehemu mbili sawa. Nilimkuta amekaa mlangoni anachonga mpini. Akaniuliza, "Amesema nini?" Nikasema, "Ni minyoo." Sikuongeza. Nilipita.

Siku ya kwanza mbwa alimeza kipande ndani ya donge la muhogo. Siku ya pili alikataa. Nikafungua taya, nikasukuma kwa kidole mpaka nyuma ya ulimi, nikamsugua koo. Siku ya tatu asubuhi alikohoa mara tano mfululizo, na povu lilikuwa na rangi ya damu. Watu walitoka vibandani wakanitazama.

Nikaamua kuondoka naye. Upande mwingine wa kilima, mwendo wa karibu saa moja kwa njia ya tambarare, kulikuwa na shamba la mihogo lililoachwa na kibanda kilichoanguka nusu. Kama akikohoa, akohoe kule. Nilimkabidhi mdogo wangu wa kwanza, wa miaka kumi na mbili, sufuria na wale wengine wawili.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "na kama haurudi?"

"Nitarudi."

"Baba pia alisema hivyo."

Nilimfunga mbwa mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, ili asitembee. Jirani yetu mwenye mimba aliponiona akasahau kuziba mdomo. "Ee! Tazama, amezaa, na mi bado!"

Siku ya nne nilimpa kipande chake kibandani, akalala. Mvua ilinyesha ikaisha. Kama saa nane hivi, nilisikia mihogo inang'olewa.

Unapong'oa muhogo udongo ukiwa na maji, shina linatoa sauti kama kiatu kinachotoka kwenye tope. Nilisikia sauti hiyo mara moja, kisha mahali pengine, kisha mahali pengine, na katikati yake sauti za wanaume wakiongea bila kuogopa. Katika nchi ile ni watu wa namna moja tu waliokuwa wanaongea bila kuogopa. Nilimburuta mbwa, tukaingia kwenye majani marefu nyuma ya kibanda, nikalala kwa tumbo. Kwa mkono wa kushoto nilimziba mdomo. Wa kulia ulikuwa na panga.

Walikuwa wanne au watano. Niliona viatu vya plastiki vya mmoja na gunia alilokuwa analivuta. Alikuwa karibu kiasi cha kunusa moshi wa sigara yake. Nilihisi kikohozi kabla hakijatoka: mbavu za mbwa zilijikusanya chini ya kiwiko changu, shingo ikanyooka. Nikakaza. Akapigana na mkono wangu, na kikohozi kikatoka puani, kikavu, kikiwa kimeminywa.

Viatu vikasimama.

"Ni nani anakohoa?"

"Ni we mwenyewe na sigara yako," mwingine akajibu kutoka mbali.

"Nakuambia kitu kimekohoa."

Kimya. Hata mihogo haikung'olewa tena. Nilikuwa nimeahidi. Panga lilikuwa limelala karibu na shingo yake, na nilijua mahali pa kukata, nimeona mbuzi wengi. Lakini mbavu zilikuwa zinajikusanya tena, na nikaelewa kitu kwa mkono kabla ya kichwa: kila nilipokaza, ndipo kikohozi kilipokuja. Usimukaze shingo. Hakuwa anakataa kunyamaza. Alikuwa anatafuta hewa.

Nikaachia panga. Nikaachia mdomo wake. Nikamwegemeza kidevu juu ya mkono wangu kama mtu anayemshikilia mgonjwa anywe maji, na nikaacha.

Akavuta hewa. Mbavu zikapanda, zikakaa juu muda mrefu, zikashuka. Akavuta tena. Akameza. Jicho lake moja lilikuwa linanitazama, na mimi sikupumua kabisa.

"Ni nyani," sauti ya mbali ikasema. "Leta gunia, tuende, mvua inarudi."

Viatu vilibaki kidogo. Kisha vikageuka.

Nilikaa pale mpaka mvua ikarudi kweli na kuacha. Kisha nikamfunga mbwa mgongoni, nikarudi maficho, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Balikuya kwa shamba," nikasema. "Mbwa alikohoa. Mumoja alisikia. Sikumumaliza."

Mwalimu alinitazama, akamtazama mbwa. Nadhani kama angenipiga ningeelewa. "Balikufuata?"

"Hapana. Nilisubiri."

"Lakini banajua shamba sasa. Kesho batarudi kuchukua mihogo ingine." Akageukia watu. "Fungeni."

Tulihama jioni ile ile, kaya kumi na moja, vyungu, mikeka, wazee, kwa sababu ya mbwa wangu. Jirani yetu mwenye mimba alishikwa na uchungu njiani, akazaa siku ya pili chini ya mwamba, mtoto hai. Wengi hawakunisalimu wiki nzima. Sikuwalaumu, na sijawahi kujiambia kwamba nilifanya sawa. Ninajua tu kwamba sikuweza.

Njiani, kisha katika bonde jipya, nilimpa mbwa kipande cha tano, cha sita, cha saba. Siku ya nane nilienda kwa baba mukubwa. Alikuwa ameshatundika kengele ile kwenye nguzo mpya.

"Baba mukubwa, ilikuwa konokono."

Aliendelea kuchonga.

"Konokono yenye nilipatia yako na yetu. Mbichi. Muganga aliniambia siku ile ya soko. Sikukuambia."

Kisu kilisimama. Halafu akasema, "Nenda kwa batoto yako," na hakuniambia neno lingine kwa muda wa mwezi mzima.

Mwezi ule nilifanya kazi yangu. Nilizika mavi ya mbwa kila asubuhi, mbali na kijito, kwa kijiti na jembe. Maji yake niliyaweka ndani ya kibanda, juu ya jiwe, mahali ambapo konokono hapandi. Mchana nilimfunga kamba ili asijitafutie mwenyewe kwenye majani yaliyooza. Wadogo zangu waliendelea kuokota konokono, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine, lakini sasa nilichemsha mpaka maji yakatoa povu jeusi, na nikampa mbwa wakiwa wamepoa. Ilikuwa kama kumtukana baba. Niliwaza kwamba labda nimeponya kifua na kuua pua.

Kikohozi kilipungua kama mvua inavyopungua, ukidhani kimekwisha kisha kinarudi kidogo. Siku moja nikagundua sijakisikia tangu juzi. Mwiba ulimchoma mguu, na damu ikakauka kabla sijatafuta kitambaa.

Askari walipohama kutoka barabarani, mwalimu akaruhusu uwindaji. Asubuhi ile baba mukubwa alisimama mbele ya kibanda chetu. Hakuniangalia. Alichuchumaa, akaweka sikio kwenye mbavu za mbwa, upande mmoja, halafu wa pili, akakaa akisikiliza. Kisha akamnusisha kiganja chake.

"Ulimupatia ya moto?"

"Ya moto iliyopoa."

"Baba yako angekuchapa."

"Najua."

Akamfunga kengele, akatoa majani makavu kwa kidole, wakapanda.

Tulikaa siku nzima tukisikiliza. Mara mbili au tatu upepo ulituletea kengele, kidogo sana, ikikimbia. Mdogo wangu aliihesabu kwa vidole kila iliposikika. Kisha ikapotea, na mimi nikapika mihogo ya jioni bila kuamini kitu.

Walirudi jua likiwa bado juu ya mianzi. Kwenye bega la baba mukubwa palining'inia simbiliki mkubwa, yule panya wa matete, na mbwa alitembea nyuma yake, ulimi mwekundu, kengele imezibwa. Mzee alipasua nyama mbele yetu. Akatoa mguu wa nyuma akampa mdogo wangu. Kisha akakusanya matumbo kwenye jani la mgomba, bado yanatoa mvuke, na mbwa akasogea.

Baba mukubwa akamzuia kwa goti. Akaninyooshea jani.

"Pika kwanza," akasema.